Tenga la Bibi

Mwenzangu wa kazini ana kitalu nyumba, kile cha kufunikwa kwa nailoni, nyuma ya nyumba yake, na wiki iliyopita aliniomba nimwagilie nyanya zake wakati yeye yuko msibani Singida. Nilifungua mlango wa wavu, nikainama kuingia, na kabla sijashika hata ndoo nikasimama. Ilikuwa ile harufu. Nailoni iliyopigwa na jua tangu asubuhi, udongo mbichi usiopitiwa na upepo, na majani ya nyanya, harufu kali inayobaki vidoleni hata ukinawa kwa sabuni. Nilitafuta pa kukaa. Nyanya nilizimwagilia, ndiyo, lakini baada ya muda mrefu, na mwenzangu akija kusoma haya atanisamehe.

Kitalu chake ni kirefu kama banda la kuku, kimenunuliwa kikiwa tayari. Cha kwetu kilikuwa kuba. Watoto wa Miyuji, Dodoma, wa wakati ule, waliokuwa wakipita na madumu kwenda bombani, huenda wanakikumbuka: kitu cheupe cha mviringo kilichochomoza juu ya ua wa minyaa kama nusu ya yai. Mzee mmoja wa mtaani alimwuliza baba kama anajenga msikiti na kama atahitaji mwadhini. Baba alicheka siku hiyo. Miezi ile hakuwa mtu wa kucheka sana, kwa sababu ya bibi.

Bibi, mama yake mzazi, alikuwa ameishi miaka yake yote katika kijiji kimoja cha milimani, ukishapita Kondoa mjini, mahali penye kijito kisichokauka na ukungu wa asubuhi unaolowesha kanga. Babu alipofariki alibaki peke yake, akilima bustani yake ya kando ya maji. Kisha akateleza akiwa na ndoo kichwani, akavunjika mkono wa kushoto. Baba alipopata habari alipanda basi siku hiyohiyo. Alirudi baada ya siku mbili na bibi, godoro, sufuria mbili, na kitambaa kilichofungwa mafundo, ndani yake mna mbegu na vichwa vitano vya magimbi vilivyokwisha kuchipua.

"Shikamoo bibi," nilimwamkia pale mlangoni.

"Marahaba, mke mwenzangu," alijibu, kama ilivyo desturi ya mabibi kutania wajukuu wa kike, lakini macho yake hayakuwa kwangu. Yalikuwa yakizunguka uani, kwenye udongo mwekundu uliopasuka, yakitafuta mahali.

Mkono ulipopona alianza kupanda. Alichimba pale maji ya bafuni yalipotokea, akafukia magimbi mawili. Yaliota, yakatoa majani laini ya kijani, kisha ukaja upepo. Anayejua Dodoma ya kiangazi anaujua upepo ule, unaoingiza mchanga mpaka kwenye ugali. Majani ya magimbi yalichanika kama karatasi, yakakauka. Bibi akapanda tena mawili. Yakakauka tena. Maji ya bomba yalitoka mara mbili kwa wiki, na mama alikuwa na mahitaji mengine ya maji yale. Gimbi la tano bibi hakulipanda. Alilirudisha kwenye kitambaa, akakifunga, na tangu siku ile akaanza kukaa.

Sijui niseme vipi zaidi ya hivyo. Alikaa kwenye ngazi ya nyuma, mikono imelala mapajani, viganja vikitazama juu, kutoka chai ya asubuhi mpaka jua linapozama. Hakugombana na mama juu ya chumvi. Hakuniuliza nimefundishwa nini shuleni. Ugali alikuwa anakula matonge mawili, anasema ameshiba.

"Mama yako anaisha," nilimsikia mama akimwambia baba.

Nilikuwa na miaka minane. Nilijua sabuni inaisha, mkaa unaisha. Nikaanza kumpima bibi kwa macho kila nikitoka shule, nione amepungua wapi.

Baba alikuwa fundi wa mabomba. Siku moja alirudi kutoka chuo kimoja cha nje ya mji, alikokwenda kurekebisha matangi, akiwa amechangamka kama mtu aliyeokota kitu. Wanafunzi kule walikuwa wamejenga kitalu cha mviringo kwa vijiti vilivyounganishwa pembetatu kwa pembetatu. Alichukua daftari langu la hesabu, akachora pembetatu mpaka kurasa zikaisha. Kesho yake mwalimu aliniuliza ni nini kile, nikasema ni nyumba ya bibi, akaniambia nisimfanye mjinga.

Uani kulikuwa na mabaki ya mabomba ya plastiki kutoka kazi zake zote. Aliyakata vipande sitini na vitano, thelathini vifupi, thelathini na vitano virefu kidogo. Vifupi vilipakwa rangi nyekundu kwenye ncha, virefu rangi ya buluu, na mpakaji nilikuwa mimi. Kifupi kilinifika kidevuni. Kirefu kililingana nami kabisa, na nilijipima nacho kila asubuhi kwa hofu kwamba nitakua kabla kazi haijakwisha. Kila ncha baba aliipasha juu ya jiko la mkaa mpaka ikalegea, akaiminya kwa ubao ikawa bapa, akaitoboa kwa msumari wa moto ili ipitishe bolti. Moshi wa plastiki ulimfanya mama akohoe na kuhamisha sufuria zake upande wa pili wa nyumba.

Jioni moja nilikuwa nabangua karanga nyuma ya mlango wa jikoni, baba na mama wako nje.

"Hili dude ukilimaliza, mama atalala humo?" mama aliuliza.

"Halali humo. Ataotesha mboga humo."

"Na asipotaka?"

"Atataka. Nakwambia, hiki kitamshika. Akishaingia humu hatoki tena, Kondoa ataisahau."

Nilichungulia. Vijiti vya chini vilikuwa vimeshasimama, pembetatu juu ya pembetatu, vimeinamiana kuelekea katikati, na hewa inapita kati yake. Hatua tano kutoka pale kulikuwa na kuku wetu mwenye vifaranga, amefunikwa kwa tenga, jiwe limewekwa juu. Lilikuwa tenga la fito, la duara, lenye matundu. Nikatazama la kuku, nikatazama la baba. Nikaelewa kila kitu.

Ningependa kusema kwamba nilishtuka. Sikushtuka. Nilifurahi. Mtu anayeisha ni lazima ashikwe na kitu, na kama baba ameona tenga ndilo litakalomshika bibi, basi tenga lijengwe haraka. Nilipaka rangi zile ncha kwa bidii ambayo mama hakuwahi kuiona nikiosha vyombo.

Kuba lilipokamilika lilikuwa na upana wa hatua sita zangu kubwa, na katikati baba aliweza kusimama wima, nywele zikigusa juu. Alilivika nailoni nzito inayopitisha mwanga, akaifunga chini kwa kamba za katani kwenye vigingi kuzunguka duara lote, akisema baadaye atachimba mtaro afukie kingo za nailoni ardhini. Upande wa kusini, ndani, alipanga mapipa manne ya maji aliyoyapaka rangi nyeusi.

"Hayo ya nini?" bibi aliuliza kutoka ngazini. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi kuuliza jambo.

Baba alimsogelea, akachuchumaa mbele yake. "Mchana yanakula jua, mama. Usiku wa baridi yanalitema polepole, mimea haipatwi na baridi. Na nimeyaelekeza kaskazini makusudi, maana mwezi wa sita na wa saba jua linapita upande wa Kondoa."

"Kumbe hata jua linakwenda kwetu," bibi alisema. "Ni mimi tu niliyekatazwa."

Baba alijifanya hakusikia. Alimwonyesha pembetatu ya juu inayofunguliwa kwa kuvuta kamba, na mbili za chini. Hewa ya moto inapanda na kutoka juu, ya baridi inaingia chini. Hakuna feni, hakuna umeme, kwa hiyo hakuna cha kukatika.

Bibi aliingia kwa mguu wa kulia, akisema bismillahi, kama anavyoingia mtu katika nyumba ya wenyewe. Mimi nilibaki nje nikisubiri mlango ufungwe. Baba hakuufunga. Nikadhani anasubiri azoee kwanza, kama tunavyomfanyia kuku mgeni.

Asubuhi iliyofuata ndani kulikuwa kumelowa. Matone yalikuwa yametanda kwenye nailoni yote, yakishuka taratibu, na baba alikuwa ameweka bomba lililopasuliwa katikati ili yatiririkie kwenye kopo. Bibi alisimama katikati akiwa ameinua uso. Tone lilimdondokea kwenye paji, akaliacha lishuke mpaka mdomoni.

"Kuna ukungu," alisema. "Miyuji kuna ukungu."

Siku ileile alikifungua kitambaa chake. Gimbi la tano lilipandwa karibu na mapipa, kwenye shimo alilolijaza samadi na majivu. Baba alikwenda kumtafutia mengine sokoni. Nyanya zikafuata, pilipili, mchaichai wa chai. Kipupwe kilipoingia, na sakafu ya nyumba yetu ikawa baridi mpaka tunatembea kwa ncha za vidole, nilikuwa nakimbilia mle kabla ya kwenda shule, nikiegemeza mgongo kwenye pipa. Lilikuwa na joto la mtu. Bibi alikuwepo tayari, anapalilia kwa kisu kilichovunjika, anaigombeza mimea kwa Kirangi, lugha ya kwao, na akifika kwangu anageuka kwenye Kiswahili: "Na wewe, mke mwenzangu, shule imehamia hapa?" Nilicheka, nikaondoka na tope kwenye soksi.

Majani ya magimbi yakakua, yakawa mapana kuliko ungo wa mama. Bibi naye akarudi. Sina neno lingine. Akaanza kula. Akaanza kulalamika kwamba mchuzi wa mama ni maji ya kunawia, na mama, ambaye zamani angenuna siku mbili, alikuja kumwambia baba akiwa anatabasamu: "Leo nimetukanwa jikoni."

Na mimi nilijua sababu. Tenga lilikuwa linafanya kazi.

Mpaka siku ile niliyotoka shule mapema. Jua lilikuwa limeanza kuinama, na kutoka nje niliona umbo la bibi kupitia nailoni yenye mvuke, kama mtu aliye chini ya maji. Alikuwa amesimama upande wa kaskazini. Kiganja chake kimoja kilikuwa kimebandikwa kwenye nailoni, kimetanuka, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nilisogea. Alikuwa analia bila sauti, macho ameyafumba.

Kuku wetu alikuwa na tabia ya kutoa mdomo kwenye tundu la tenga na kubaki hivyo, ametulia, anatazama nje. Nilikuwa nimeliona jambo hilo mara mia bila kulijali. Siku ile lilinichoma. Nilikwenda chumbani, nikajilaza, mama akanigusa paji akidhani nina malaria. Kwa siku mbili chakula hakikupita. Nilikuwa nimemtega bibi. Ncha zile nyekundu na buluu nilizipaka mimi.

Siku ya tatu baba alikuwa kazini, mama amekwenda mashineni kusaga. Bibi alisali adhuhuri, akalala. Nikatoka.

Nilianza na mlango. Niliung'oa kwenye bawaba zake za mpira, nikauegemeza kwenye minyaa. Nikavuta kamba ya juu, nikafungua za chini. Lakini tenga halimwachii kuku kwa kufunguliwa dirisha, linanyanyuliwa lote. Kwa hiyo nikapiga magoti, nikaanza kufungua mafundo ya kamba kwenye vigingi, kimoja baada ya kingine, nikizunguka duara. Baba alikuwa anafunga mafundo ya kifundi. Pale kucha ziliposhindwa nilitumia meno. Katani ilikuwa na ladha ya vumbi na chumvi. Nilipofika kigingi cha mwisho vidole vilikuwa vinawaka, nikaenda kukaa kwenye ngazi ya bibi, nimsubiri aamke na achague mwenyewe. Na nikiwa pale niliomba kwa Mungu, kwa nguvu zangu zote, achague kubaki.

Upepo ulifika kabla hajaamka.

Kwanza nailoni ilijaa, ikashuka, ikajaa, kama kifua cha mtu anayehema. Nilisimama. Ikajaa tena, na safari hii haikushuka. Upande mmoja uliruka juu, ukapiga vijiti, ukatoa mlio kama bunduki. Nilikimbia nikashika pembe, ikaniburuta mpaka magoti yakachunika, nikaiachia. Nailoni ikapasuka pale juu, ikatoka yote, ikapaa juu ya ua na kwenda kujikamatisha kwenye minyaa ya jirani, ikipiga kelele. Vijiti vilibaki vimesimama, uchi. Vumbi jekundu likaingia juu ya magimbi. Na mbuzi wa jirani, waliokuwa wakizunguka nje ya ua tangu yale majani yalipoanza kuonekana, wakapita uwazi wa geti wakaingia moja kwa moja.

Bibi alitoka ndani mbio. Sikuwahi kumwona bibi akikimbia. Kichwa wazi, kandambili mguu mmoja, ufagio mkononi, aliwapiga mbuzi wale huku akipiga mayowe kwa lugha yake, akarudi akalikumbatia shina la gimbi kubwa, akiliziba kwa mwili wake upepo usilifikie. Majani yalichanika mikononi mwake. Mpaka mama anarudi na unga kichwani, hakikubaki kitu cha kijani kinachozidi kiganja.

Baba alifika jioni. Alizunguka kuba mara moja, akagusa kijiti hapa na pale, vyote viko imara.

"Kosa ni langu," alisema. "Nilisema nitachimba mtaro nifukie nailoni, sikuchimba."

Mama alisema pole. Bibi aliinama, akaokota kamba moja ya katani. Na mimi niliyepaswa kusema nilikuwa nimejificha nyuma ya mama, nimeshika kanga yake, nikitazama mgongo wa baba uliokuwa umeinama kwa kosa ambalo si lake.

Kesho yake bibi aliniita mle ndani, chini ya vijiti vitupu. Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, kamba ya katani mkononi.

"Kaa. Tazama kamba hii. Kamba iliyokatwa na upepo inatoka nyuzinyuzi. Hii haina hata uzi mmoja uliokatika. Imefunguliwa. Na hapa pana alama za meno." Aliinua kidevu changu kwa kidole. "Hebu cheka nikuone."

Sikucheka. Lakini jino langu moja la mbele lilikuwa limeng'oka wiki ile, na kwenye kamba palikuwa na pengo palepale.

Nililia mpaka nikakosa pumzi. "Nilitaka utoke, bibi. Baba alisema tenga litakushika hutatoka tena. Nikakuona unalia."

"Tenga gani?"

"Hili."

Alitazama juu, kwenye zile pembetatu, akazungusha macho mpaka chini. Kisha akacheka. Alicheka mpaka akajishika mbavu, akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, akaanza tena. "Mwanangu amenijengea tenga! Ya Rabi! Na mimi ndiye kuku!"

"Ulikuwa unalia," nilisema tena.

"Nilikuwa nalia, ndiyo. Ile harufu ya mle, ya majani na maji. Nilifumba macho nikawa nipo kijitoni kwetu kabisa, nasikia hadi vyura. Nikasogeza mkono, nikagusa nailoni."

"Kwa hiyo hukutaka kutoka?"

Kicheko kilimwisha taratibu. Alinitazama kwa muda ambao kwa mtoto ulikuwa mrefu sana, akawa kama mtu aliyeulizwa njia katika mji anaoujua vizuri na bado akalazimika kufikiri.

"Nenda kaniletee jembe," alisema.

Baba alinunua nailoni nyingine, akachimba mtaro, akafukia kingo zake kwa mawe. Vichwa vya magimbi vilikuwa hai ardhini. Vikachipua. Bibi alivihudumia kila siku, akivinyunyizia maji ya kopo, na nikaanza kuamini kwamba yamekwisha. Magimbi yalipofika majani manne kila moja, jioni tukiwa mezani, alisema:

"Mwanangu, mvua zikianza nataka zinikute nyumbani."

"Nyumbani ni hapa, mama."

"Hapa ni kwako."

"Mama, nimekujengea..." Baba hakumaliza.

"Umenijengea. Sijui mama mwingine aliyejengewa kitu kama kile. Nilikuja hapa nikijua nimekuja kufa, mikono yangu ilitangulia. Wewe umeifufua. Sasa wataka nikae nayo tu?"

"Utaanguka tena."

"Huenda."

Baba aliweka tonge lake kwenye sahani, akanawa, akatoka. Niliona mwanga wa tochi yake ukiingia ndani ya kuba, nailoni yote ikang'aa kidogo, kisha tochi ikazimwa. Hakurudi mpaka chakula chake kikapoa.

Asubuhi ya safari nilijificha nyuma ya mapipa. Nilijua mimi ndiye niliyemfungulia, na sikuweza kumtazama. Mama aliniita, baba akaniita. Bibi hakuita. Alikuja mpaka mlangoni pa kuba, nikaona miguu yake na pindo la baibui.

"Mke mwenzangu," alisema, "magimbi haya yakikomaa mama yako asiyachemshe sana. Yanakuwa uji."

Alisubiri. Nilikuwa nimeziba mdomo kwa mikono miwili. Miguu ile ikageuka, na baada ya muda nikasikia bajaji ikiondoka kwenda stendi.

Hakuanguka. Aliishi kule miaka mingine tisa, na nilipokwenda likizo alinipandisha mlima mpaka nikaomba tupumzike, nami ndiye mwenye miguu ya shule ya sekondari. Nilimwamkia, nilimkumbatia, nilikula magimbi yake ya kando ya kijito. Lakini kuna mazungumzo ambayo usipoyafanya siku yake, siku nyingine hayaji, na kila nilipotaka kumwuliza kuhusu asubuhi ile alikuwa na jambo la kunionyesha. Alifariki nikiwa bwenini, wiki ya mitihani. Wakubwa walikubaliana nisiambiwe mpaka nimalize. Nilipofika Kondoa, udongo wa kaburi ulikuwa umeshakauka juu.

Kuba lilidumu misimu mitatu. Nailoni iligeuka manjano, ikakatikakatika. Baba akafungua bolti moja moja, mabomba yakaenda kwenye kazi za watu wengine. Leo pale pana chumba cha kupangisha.

Baada ya kumwagilia nyanya za mwenzangu, nilikwenda kwa baba Jumamosi. Magoti yanamsumbua siku hizi, anakaa zaidi barazani. Nilimwamkia, nikamletea chai, na nikamwambia jambo ambalo sikuwahi kumwambia katika miaka yote hii, kwamba ile nailoni haikung'olewa na upepo peke yake.

"Najua," alisema. "Mama aliniambia tukiwa stendi, tunasubiri basi."

"Mbona hukuniuliza? Hata kunichapa hukunichapa."

"Alinikataza nisikuguse." Alizungusha kikombe mkononi, hakunywa. "Alisema, 'Katika nyumba yako yote, aliyejiuliza kama nataka kukaa ni yule mtoto peke yake.'"

Barabarani gari la maji lilipita likipiga honi. Baba alikuwa anatazama mbele yake, na nilijua maneno yale amekaa nayo tangu stendi, kila siku, wala hayajawahi kuwa mepesi.

Nilitaka kumwambia kwamba bibi alinipa sifa isiyo yangu. Bibi sikumwuliza kitu. Nilifungua tu mafundo, nikakaa ngazini kusubiri, na alipokuja mwenyewe mpaka pale mlangoni, akasimama, nikaziba mdomo. Ningemwuliza. Ningetoka nyuma ya yale mapipa na kumwuliza anataka nini, na vyura wa kijitoni wanalia vipi, na babu alikuwa mtu gani, na yote mengine ambayo leo nayauliza nikiwa naendesha gari peke yangu, kwa sauti, na hakuna anayejibu.